Kupima presha ya kifundo cha mguu ili kukadiria hatari ya moyo na kiharusi

Mtu akiambiwa anapimwa presha hukunja mkono wa shati. Hakuna anayewaza kuvua soksi. Ndiyo maana kipimo cha mguuni, kisichochoma sindano wala kutoa damu, na kinachomalizika kwa robo saa, kimebaki kuwa cha wachache. Si kipya. Daktari Travis Winsor wa Marekani alikieleza mwaka 1950, akionyesha kuwa presha ya mguuni ikilinganishwa na ya mkononi huufichua ugonjwa wa ateri za miguu. Kilichochukua miaka mingi zaidi kueleweka ni kwamba mguu haujisemei wenyewe tu. Unausemea pia moyo na ubongo.

Mantiki yake ni hii. Mwenye ateri nzima akilala chali, namba ya juu ya presha (ile inayosomwa moyo unaposukuma damu) huwa kubwa kidogo kifundoni kuliko mkononi, aghalabu kwa milimita za zebaki 10 hadi 15. Wimbi la mapigo likisafiri mbali na moyo hukutana na ateri nyembamba na ngumu zaidi, sehemu yake hurudishwa nyuma, na kilele chake hupanda. Ukikuta namba ya kifundo iko chini ya ile ya mkono, mshuku kwamba mahali fulani kati ya tumbo na unyayo njia imebanwa. Na utando wa mafuta unaobana ateri ya paja ni nadra kuishia hapo: aliye nao mguuni mara nyingi anao pia kwenye ateri za moyo na za shingo. Wengi hawajui, kwa sababu mguu wenyewe hauwaumi.

Uzito wa jambo hili ulionekana vizuri mwaka 2008, yalipojumlishwa matokeo ya tafiti 16 zilizofuatilia watu zaidi ya 48,000. Katika miaka 10, wanaume waliokuwa na uwiano mdogo kati ya kifundo na mkono (presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono) walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 18.7, wenye uwiano wa kawaida, asilimia 4.4. Kwa wanawake ilikuwa 12.6 dhidi ya 4.1. Sehemu ya pengo hilo ni umri na sigara, lakini hata mambo hayo yalipowekwa kwenye hesabu, uwiano mdogo bado ulibaki na uzito wake.

Nani apimwe, na nani aachwe

Mwenye dalili apimwe bila mjadala: anayebanwa na maumivu ya shavu la mguu, paja au tako akitembea na kupata nafuu akisimama dakika chache, mwenye kidonda cha mguu kisichopona, ambaye mapigo ya mguuni hayapapasiki.

Wasio na dalili ndio wanaozua ubishi. Mwongozo wa Marekani wa 2024 unaona inafaa kuwapima wenye miaka 65 na kuendelea, wenye miaka 50 hadi 64 walio na visababishi kama sigara, kisukari, presha iliyopanda au kolesteroli nyingi, na walio chini ya 50 wenye kisukari pamoja na angalau kisababishi kimoja kingine. Lakini jopo la kitaifa la huduma za kinga la nchi hiyohiyo lilisema mwaka 2018 kwamba ushahidi hautoshi kuamua kama kumpima kila mtu asiye na dalili kuna faida kuliko madhara. Mimi nasimama katikati. Kijana mwenye afya, asiyevuta sigara, asiye na kisukari, mwache. Ukimpima utapata namba tu, na mara mojamoja namba hiyo itamtisha bure.

Kuna wasiofaa kufungwa mkanda mguuni. Mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto na maumivu, unaweza kuwa na bonge la damu ndani ya mshipa. Usiubane, mpeleke mtu kwa daktari. Aliyepandikizwa mshipa kupita chini kwenye mguu asipimwe hapo bila idhini ya daktari wake wa upasuaji. Kidonda kilicho mahali pa mkanda kifunikwe kwa kitu safi kisichopitisha maji, au kipimo kiahirishwe. Mkono wenye njia ya kusafishia figo, au uliotolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya titi, usiguswe. Tumia ule mwingine na uandike kwamba ulitumia mmoja.

Vifaa

Kipimo cha kuaminika kinahitaji vitu vitatu: mashine ya presha ya kujaza kwa mkono, dopla ndogo ya kushika mkononi yenye mawimbi ya megahetzi 8 hadi 10, na jeli. Dopla ndiyo inayokuruhusu kusikia damu ikipita kwenye ateri ndogo ya mguu. Stetoskopu iliyozoeleka kwenye kiwiko cha mkono haisaidii hapa, sauti ya kifundoni ni hafifu mno. Kupapasa kwa kidole kunaweza kukupa makisio, ila kidole hukosa mapigo mapema kuliko dopla, na hukosa zaidi kwa mgonjwa unayemtafuta.

Upana wa mkanda ni jambo ambalo watu hulipuuza. Sehemu inayojaa hewa iwe na upana wa angalau asilimia 40 ya mzunguko wa kiungo unachokifunga. Mkanda mwembamba hupandisha namba kwa uongo. Kwa watu wengi mkanda wa kawaida wa mkono wa mtu mzima hutosha kifundoni, ila mwenye mikono minene anaweza kuhitaji mkanda mkubwa mkononi na wa kawaida mguuni. Usilazimishe mkanda mmoja kila mahali ili kuokoa muda.

Maandalizi

Anayepimwa asivute sigara kwa saa mbili kabla. Aende haja ndogo. Chumba kisiwe baridi, kwa sababu baridi hubana mishipa ya miguuni. Avue viatu, soksi na nguo zinazobana mapajani au mikononi, kisha alale chali dakika 5 hadi 10, kichwa kwenye mto mwembamba, visigino vikiwa vimeegemea kitanda na wala si kuning'inia pembeni. Asivuke miguu. Asizungumze. Wewe pia nyamaza. Maswali ya historia yake yaulizwe kabla au baadaye.

Kulala ndilo sharti lisilo na njia ya mkato. Kila sentimita ambayo kifundo kiko chini ya moyo huongeza takriban milimita 0.77 za zebaki, kwa uzito tu wa damu iliyo kwenye mishipa. Aliyeketi kwenye kiti, kifundo chake kikiwa sentimita 80 chini ya moyo, atajiongezea zaidi ya 60 ambazo hazihusiani kabisa na afya ya ateri zake. Mgonjwa ambaye ateri yake imeziba nusu atatoka hapo na namba ya kujivunia. Nimeona watu wakijipima kifundo wakiwa wamekaa huku wanatazama runinga, halafu wanashangaa kuona 200. Hiyo si presha ya mguu, ni urefu wa mguu.

Kupima

Fuata mpangilio mmoja kila mara, usibadilishebadilishe: mkono wa kulia, ateri ya nyuma ya kifundo cha kulia, ateri ya juu ya unyayo wa kulia, kisha hizohizo mbili za mguu wa kushoto, na mwisho mkono wa kushoto. Namba sita kwa jumla. Zote zichukuliwe kwa dopla, hata za mikononi. Ukipima mkono kwa stetoskopu na mguu kwa dopla, utakuwa unalinganisha vitu viwili visivyolingana.

Mkanda wa mguuni ufungwe ukiwa umenyooka kuzunguka mguu, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 juu ya mfupa unaotokeza ndani ya kifundo. Ubane kiasi cha kidole kupita kwa shida.

Ateri ya nyuma ya kifundo iko kwenye kibonde kati ya mfupa huo wa ndani na kano nene ya kisigino. Weka vidole viwili hapo kwanza. Ukipata mapigo, umeshajua pa kuweka jeli. Ateri ya juu ya unyayo huitafuti kwa kubahatisha. Mwambie anayepimwa anyanyue kidole gumba cha mguu: kano yake itasimama kama kamba chini ya ngozi, na ateri iko kando yake, upande wa kidole cha pili, karibu na sehemu iliyoinuka zaidi ya mguu. Kwa baadhi ya watu wenye afya kamili ateri hii haipapasiki, kwa hiyo usimtangazie mtu ugonjwa kwa kuwa kidole chako hakikuhisi kitu.

Paka jeli, weka ncha ya dopla ikiwa imelala kwa nyuzi 45 hadi 60 kuelekea juu ya mguu, na uiguse ngozi kwa wepesi. Ukikandamiza utaifunga ateri wewe mwenyewe. Sogeza taratibu, milimita kwa milimita, hadi sauti iwe kali kuliko kwingine kote, kisha tuliza mkono wako juu ya mguu ili usiteleze. Sikiliza kabla ya kujaza mkanda, maana sauti yenyewe inasema kitu. Ateri nzima hutoa mapigo makavu yenye sehemu mbili au tatu: mpigo mkali, kurudi kwa ufupi, na mara nyingine mwangwi mdogo wa tatu. Iliyo chini ya kizuizi hutoa mvumo mmoja laini, wa chini, unaojivuta kama upepo dirishani. Aliyezoea husikia tofauti kabla hata mshale wa mashine haujasogea.

Sasa jaza mkanda hadi sauti ipotee, ongeza 20 juu ya hapo, kisha achia hewa polepole, milimita 2 kwa sekunde. Namba ambayo sauti inarudi kwa mara ya kwanza ndiyo unayoandika. Namba ya chini haihitajiki katika kazi hii. Ukiachia haraka, mapigo yatakuwa yamesharudi muda kabla hujayaona, na utaandika namba ndogo kuliko ukweli. Kosa hili ni baya zaidi kwa mtu ambaye moyo wake unapiga polepole. Ukilazimika kurudia, toa hewa yote, subiri kama dakika moja, ndipo ujaze tena. Ukifika 300 na sauti bado ipo, acha. Usiendelee kumminya mtu. Andika kwamba ateri haikubanika; hilo nalo ni jibu, na nitalirudia.

Ukimaliza mkono wa kushoto, linganisha na wa kulia. Mkono wa kwanza mara nyingi hubeba wasiwasi wa mwanzo, kwa hiyo kama wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa zaidi ya 10, upime tena wa kulia na utupe namba ya kwanza. Tofauti ikibaki, hasa ikifika 15 au zaidi, usiichukulie kama hitilafu ya mashine. Huenda ateri inayolisha mkono mmoja imebanwa, na hilo lenyewe huandamana na hatari kubwa zaidi ya moyo. Amwone daktari hata kama miguu yake iko sawa.

Hesabu

Gawa presha ya kifundo kwa presha ya mkono. Mkono unaotumika ni ule wenye namba kubwa kati ya miwili, na hiyohiyo hutumika kwa miguu yote.

Tuseme mkono wa kulia ni 142, wa kushoto 136. Kigawanyo ni 142. Mguu wa kulia: ateri ya nyuma ya kifundo 150, ya juu ya unyayo 146. Chukua kubwa, 150, gawa kwa 142, unapata 1.06. Mguu wa kushoto: 112 na 118. Chukua 118, gawa kwa 142, unapata 0.83. Uwiano wa mtu huyu ni ule wa mguu ulio mbaya zaidi, yaani 0.83. Ule wa kulia haumsaidii. Ateri zake ni za mwili mmoja.

Hapa kuna mahali wataalamu wenyewe hugawanyika. Katika kila mguu una namba mbili, na ukichukua ndogo badala ya kubwa, huyu wa kushoto angekuwa na 0.79. Kutumia namba ndogo hunasa watu wengi zaidi walio hatarini, kwa kuwa hata ateri moja iliyobanwa inatosha kuwa ishara. Kutumia kubwa hupunguza kuwaita wagonjwa wasio wagonjwa. Tamko la Shirika la Moyo la Marekani la 2012 lilichagua kubwa kwa ajili ya kutambua ugonjwa wa ateri za miguu, na hiyo ndiyo ninayopendekeza uanze nayo. Lakini pale ambapo kubwa inakupa 0.94 na ndogo inakupa 0.86, usijifanye hukuona. Andika zote mbili, na umwambie daktari.

Kuisoma namba

Kati ya 1.00 na 1.40 ni kawaida. 0.90 au chini yake ni ugonjwa wa ateri za miguu, na ndiyo mpaka uliotumika kwenye tafiti nilizozitaja. Kati ya hapo, 0.91 hadi 0.99, ni mpakani: rudia siku nyingine kabla ya kusema lolote, kwa sababu vipimo viwili vya mtu mmoja hutofautiana kidogo hata mikononi mwa mzoefu. Chini ya 0.50 hali ni nzito, na chini ya 0.40 mguu wenyewe uko hatarini.

Inayowapotosha watu ni namba kubwa. Zaidi ya 1.40 haimaanishi mishipa imara. Humaanisha ukuta wa ateri umejaa madini ya chokaa na umekuwa mgumu kiasi kwamba mkanda unashindwa kuubana, na hapo namba unayoisoma ni ya ugumu wa ukuta, wala si ya damu iliyomo. Huonekana sana kwa wenye kisukari cha muda mrefu, wenye ugonjwa sugu wa figo na wazee. Tafiti za jamii za wenyeji asilia wa Marekani zilionyesha kuwa vifo huongezeka pande zote mbili, kwa wenye uwiano mdogo na kwa wenye uwiano mkubwa kupita kiasi. Ateri za vidole vya mguu hukauka hivyo mara chache zaidi, kwa hiyo daktari huagiza presha ya kidole gumba cha mguu: ikigawanywa kwa ya mkono na kutoa chini ya 0.70, kuna tatizo. Mwenye kisukari anayepata 1.05 huku dopla yake inavuma badala ya kupiga, naye nisingemwachia aende nyumbani na neno "kawaida". Ugumu wa ukuta unaweza kuwa umeficha kizuizi, na namba mbili mbovu zikakutana katikati.

Kuna pia mtu ambaye akiwa amelala ana 0.98, lakini akitembea shavu la mguu linambana. Huyo apimwe tena mara baada ya kutembea kwenye mashine, au baada ya kunyanyua visigino mfululizo. Uwiano ukishuka kwa zaidi ya asilimia 20, au presha ya kifundo ikishuka kwa zaidi ya 30, kizuizi kipo.

Mambo machache hayasubiri hesabu yoyote. Mguu uliopoa ghafla, ukapauka, ukafa ganzi au kushindwa kusogea ni dharura, na kila saa inayopita ina uzito. Maumivu ya unyayo yanayomwamsha mtu usiku na kupungua akiuning'iniza mguu kitandani, au kidole kinachogeuka cheusi, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na yeyote mwenye uwiano mdogo asivae soksi za kubana kabla daktari hajaruhusu. Zinaweza kumaliza damu kidogo iliyobaki.

Kutoka uwiano hadi hatari

Uwiano peke yake hautoi asilimia ya hatari. Anza na kikokotoo cha kawaida anachotumia daktari wako, chenye umri, jinsia, sigara, presha, kolesteroli na kisukari. Kikishatoa jibu, ndipo uwiano uingie kulirekebisha. Katika ule mjumuisho wa 2008, uwiano wa 0.90 au chini yake ulikwenda pamoja na takriban mara mbili ya vifo na matukio makubwa ya moyo, ukilinganisha na wastani wa watu wa kundi lilelile la hatari. Kwa hiyo aliyewekwa kundi la kati, akiwa na 0.83 kama mtu wetu wa mfano, asihesabiwe tena kuwa wa kati. Uwiano ulihamisha kundi la hatari la takriban mwanaume mmoja kati ya watano na mwanamke mmoja kati ya watatu, na mwelekeo haukuwa mmoja: wanaume wengi walishushwa kutoka kundi la juu, wanawake wengi walipandishwa kutoka kundi la chini. Ningekuwa na nafasi ya kupima wachache tu, ningeanza na wanawake ambao kikokotoo kimewapa jibu la kuwatuliza ilhali wanavuta sigara au wana kisukari.

Upande wa pili wa kipimo ni dhaifu, na usemwe wazi. Wengi watakaopata mshtuko wa moyo wana uwiano wa kawaida kabisa siku ya kupimwa. Namba mbaya ni ya kuaminiwa. Namba nzuri haifuti sigara, wala presha ya 160, wala kolesteroli. Mtu asikuambie "miguu yangu iko safi" kama sababu ya kuacha dawa zake.

Baada ya namba mbaya kazi ni ileile ya siku zote, ila kwa uzito zaidi: kuacha sigara, dawa za statini (za kushusha kolesteroli), kushusha presha, kudhibiti sukari, na kutembea kwa mpangilio hadi maumivu yaje, kupumzika, kisha kuendelea. Kutembea huko hurefusha umbali ambao mtu anaweza kwenda kabla ya kuumwa.

Kuhusu aspirini, wengi hukimbilia huko wakidhani ni jambo la wazi. Scotland walipima uwiano wa watu karibu 29,000, wakawapata 3,350 wasio na ugonjwa wa moyo uliojulikana ambao uwiano wao ulikuwa 0.95 au chini, wakawapa nusu yao aspirini ya miligramu 100 kila siku na nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka kama minane, matokeo yaliyochapishwa 2010 hayakuonyesha tofauti katika matukio ya moyo na kiharusi. Mwenye dalili za mguuni, au aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, ni habari nyingine, na dawa hizo ataandikiwa na daktari. Asiye na dalili asijiandikie mwenyewe. Kwa upande wa kutia moyo, Denmark iliwaalika wanaume wa miaka 65 hadi 74 kupimwa ateri za miguu, uvimbe wa ateri kuu tumboni na presha kwa pamoja, na waliokutwa na tatizo wakafuatiliwa. Vifo vya kundi lililoalikwa vilipungua kwa asilimia 7 ikilinganishwa na wasioalikwa. Ni kifurushi chote kilichofanya kazi, pamoja na matibabu yaliyofuata. Mkanda wa mguuni haukupimwa peke yake.

Ukiwa na mashine ya nyumbani tu

Mashine ya kidijitali ya mkono inaweza kufungwa kifundoni, na watu wengi hufanya hivyo. Inasoma mitikisiko ya ukuta wa ateri, haisikilizi damu, kwa hiyo hushindwa pale inapohitajika zaidi: presha ya kifundo ikiwa ndogo sana huandika kosa au hubuni namba kubwa kuliko ilivyo. Mapigo yasiyo na mpangilio huichanganya pia. Kwa mguu, "kosa" linalojirudia huku mkononi inasoma bila shida si la kupuuzwa.

Itumie kama mlango wa kwenda kliniki, si zaidi. Lala, pumzika, pima mikono yote, kisha vifundo vyote, mara mbili kila kimoja. Kama kifundo kinasoma chini ya mkono kwa siku mbili tofauti, au mguu mmoja uko mbali na mwenzake, panga kuonana na daktari mwenye dopla. Usiiandike namba hiyo kwenye kadi ya hospitali kana kwamba ni sawa na ya dopla.

Mikono ikiwa haiwezi kupimwa

Wapo waliokatwa mikono, waliopooza baada ya kiharusi, au wenye njia ya kusafishia figo upande mmoja na upasuaji wa kwapa upande wa pili. Kwao kifundo ndicho pekee kinachoweza kusema kama presha imepanda, na hapo uwiano hauwezekani. Usitumie mpaka wa 140/90 uliozoeleka mkononi. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa Uingereza na kuchapishwa 2019 yalikuta namba ya juu ya kifundo inaizidi ya mkono kwa wastani wa 17, huku namba za chini zikilingana, na yakapendekeza mpaka wa 155/90 mtu akiwa amelala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter wakaenda mbele zaidi mwaka 2025 kwa kutumia takwimu za watu zaidi ya 33,000, wakatengeneza kikokotoo kinachokadiria presha ya mkono kutokana na ya kifundo kwa kuzingatia mhusika mwenyewe badala ya kumpunguzia kila mtu kiasi kilekile. Kasoro ni kwamba mwenye ateri za miguu zilizoziba atasoma chini kuliko hali yake, kwa hiyo 130 ya kifundoni kwa mvutaji sigara mwenye mguu baridi isikutulize.

Kumbukumbu

Andika namba zote sita, si uwiano tu. Andika tarehe, kwamba alilala chali, kifaa kilichotumika, kama ulichukua namba kubwa au ndogo ya kila mguu, na sauti ya dopla ilikuwaje. Atakayempima baadaye afuate njia ileile. Uwiano ukishuka kwa zaidi ya 0.15 kati ya vipimo viwili, ugonjwa unasonga mbele, na daktari aambiwe hata kama namba mpya bado iko juu ya 0.90.